Alihitimu mapema, timu ikamkosa: Funzo kwa mzazi wa mtoto mwanamichezo

Mzazi, hebu jiweke katika nafasi hii. Mwanao ni tegemeo la timu ya chuo. Kwa misimu mitatu yeye ndiye chaguo la kwanza la kocha, na uwanja mzima unajua namba ya jezi yake. Kisha, miezi minne kabla ya msimu wa nne kuanza, chuo kinatangaza kwamba hatakuwemo kikosini.

Hajaumia. Hajafeli mitihani. Hajafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Shahada yake anayo tayari, na njia zake na za timu zimeachana.

Hayo yalimkuta Russell Wilson, kijana wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Aprili 29, 2011, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, kinachojulikana zaidi kama NC State, kilimruhusu rasmi aende kucheza kwingine. Kisa chake kimesimuliwa sana na wapenzi wa michezo, lakini ndani yake kuna mambo yanayotuhusu sisi wazazi.

Mchezo mkubwa kuliko tunavyodhani

Futiboli ya Kimarekani siyo soka tunayoijua. Mpira wake umechongoka pande mbili, na wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga mabega. Mchezaji anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha huamua amrushie nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Timu ikimpoteza kwotabeki, ni kama daladala iliyopoteza dereva katikati ya safari.

Kule, timu za vyuo si za kupasha misuli jioni baada ya vipindi. Uwanja wa NC State unaingiza watu zaidi ya 50,000, na mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima.

Pamoja na ukubwa huo, mchezaji bado ni mwanafunzi. Chini ya utaratibu aliouchezea Wilson, mwanafunzi alipewa miaka mitano ya kucheza misimu minne. Mwaka mmoja angeweza kufanya mazoezi na timu bila kucheza mechi, ili akue mwili na kuzoea masomo. Wilson alifanya hivyo mwaka wake wa kwanza, 2007, kisha akacheza 2008, 2009 na 2010. Alikuwa amebakiza msimu mmoja.

Alimaliza shule kwanza

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Wilson alipata shahada yake ya mawasiliano Mei 2010, baada ya miaka mitatu tu, huku akicheza michezo miwili: futiboli na besiboli. Msimu wa 2010 aliucheza akiwa tayari ni mhitimu.

Nyumbani kwao elimu ilikuwa jambo la ukoo. Babu yake aliongoza Chuo Kikuu cha Norfolk State kwa zaidi ya miaka 20. Baba yake, Harrison Wilson III, alikuwa mwanasheria ambaye naye alicheza futiboli na besiboli alipokuwa Chuo cha Dartmouth. Russell amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alikuwa akimuuliza kwa nini isiwe yeye atakayefika mbali.

Baba huyo aliugua kisukari na akapata kiharusi mwaka 2008. Juni 8, 2010, klabu ya besiboli ya Colorado Rockies ilimchagua Russell miongoni mwa wachezaji chipukizi. Kesho yake, Juni 9, baba akafariki dunia akiwa na miaka 55. Ndani ya saa chache kijana alipata habari njema kuliko zote na habari mbaya kuliko zote.

Tangu hapo alijaribu kushika besiboli na futiboli kwa pamoja, michezo ambayo baba yake pia aliicheza.

Kocha naye ana watoto wengine

Mwaka 2011, wakati wenzake wa futiboli walipokuwa kwenye mazoezi ya kujiandaa na msimu, Wilson alikuwa na Rockies. Kocha wake, Tom O'Brien, alitaka kujua ni nani atakayeongoza timu ifikapo Septemba. Kikosini alikuwepo kijana mwingine, Mike Glennon, mrefu wa karibu mita mbili, aliyekuwa chuoni tangu 2008 akisubiri zamu yake.

Ni rahisi kumlaumu kocha. Lakini tumtazame kama mzazi mwenye watoto wengi. Mmoja ana kipaji kikubwa na ndoto mbili, na hajulikani atarudi lini. Mwingine yupo kila siku, anafanya kazi zote, na hajawahi kupewa nafasi ya kuonyesha anachoweza. Ukimsubiri wa kwanza, unamvunja moyo wa pili. Ukimpa wa pili nafasi, unampoteza wa kwanza.

O'Brien alimpa Glennon nafasi. Wilson akabaki na shahada yake, msimu mmoja mkononi, na uhuru wa kuchagua aende wapi.

Uhuru huo ulitokana na darasa. Wakati ule mwanafunzi wa kawaida aliyehamia timu ya chuo kingine cha ngazi hiyo alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza. Aliyekwisha kuhitimu aliweza kucheza mara moja, iwapo angejiunga na masomo ya uzamili ambayo chuo chake cha kwanza hakikuwa nayo. Kama Wilson angekuwa ameburuza masomo, angebanwa. Kukaa nje mwaka mmoja kungemaliza muda wake wote.

Mwishoni mwa Juni 2011 alitangaza kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Nani alipoteza?

Huko Wisconsin alifika mgeni kabisa, lakini wachezaji wenzake walimchagua kuwa mmoja wa manahodha kabla hata msimu haujaanza. Timu ilitwaa ubingwa wa kanda yake, Big Ten, kwa kuifunga Michigan State 42-39, na kufika kwenye mechi ya Rose Bowl, ambako ilifungwa na Oregon 45-38. Mwaka 2012 Seattle Seahawks walimchagua raundi ya tatu, akiwa wa 75 kwa jumla. Februari 2014 alikuwa bingwa wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, baada ya Seattle kuichapa Denver 43-8.

Ukisimulia hadi hapo tu, utasema NC State ilijitia hasara. Lakini tusimsahau yule aliyebaki.

Glennon alianza msimu wa 2011 kila mtu akimlinganisha na aliyeondoka. Mechi ya mwisho ya kawaida, dhidi ya Maryland, timu yake ilikuwa nyuma 41-14 kipindi cha pili. Bila ushindi, msimu ungeishia hapo. Wakafunga pointi 42 mfululizo na kushinda 56-41, Glennon akirusha pasi tano za mabao. Wakaenda kwenye mechi ya Belk Bowl, wakawafunga Louisville 31-24. Mwaka 2013 Glennon naye alichaguliwa NFL, raundi ya tatu, akiwa wa 73.

Mmoja wa 75, mwingine wa 73. Aliyeondoka alifika, na aliyesubiri alifika.

Mwaka 2021, miaka kumi baada ya kuachana, NC State ilimwalika Wilson kuwa mzungumzaji katika mahafali yake. Alizungumza na wahitimu wa chuo kile kama mmoja wao.

Milango sasa imefunguliwa zaidi

Kanuni zimebadilika tangu enzi hizo. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kuhama na kucheza bila kukaa nje mwaka, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa matangazo yanayotumia jina na sura zao. Siku hizi kocha anaweza kulala na kikosi kamili akaamka na pengo.

Kwa mzazi, mabadiliko hayo yana pande mbili. Mtoto hafungwi tena kwenye timu isiyomjali. Lakini mtoto anayehamahama kila mwaka anaweza kuacha masomo njiani kila anapohama, maana si kila somo alilofaulu chuo cha kwanza litahesabiwa chuo cha pili. Na soko la kulipwa halijapanuka kwa ajili yake. Kwa makadirio ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, ni chini ya wachezaji wawili kati ya kila 100 wanaofika NFL.

Njia ya michezo na masomo Marekani si ngeni kwetu. Wanariadha wa Kenya wameipita kwa miongo mingi. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu, kisha akachaguliwa wa pili kwa jumla katika NBA mwaka 2009. Kwa hiyo mzazi anayesoma haya akiwa Arusha, Eldoret au Minneapolis anaweza kesho kupigiwa simu na kocha asiyemjua.

Simu hiyo ikija, uliza haya

Usianze na jezi wala viatu. Anza na darasa. Uliza mwanao atasoma nini, na kama ratiba ya mazoezi inamruhusu kusoma kozi anayoitaka au atasukumiwa kozi nyepesi.

Uliza ufadhili ni wa muda gani. Je, ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au hadi ahitimu? Akiumia goti mwaka wa pili, ada italipwa na nani? Omba majibu hayo kwa maandishi.

Uliza ni wangapi wako mbele yake katika nafasi yake. Kusubiri si aibu, Glennon alisubiri miaka mitatu. Lakini mtoto asubiri akijua anachokisubiri, na miaka hiyo ya benchi iwe ya kusoma pia.

Zungumza naye mapema kuhusu kuondoka. Watoto wengi huona kuhama timu kama usaliti, au huhama kwa hasira baada ya mechi moja mbaya. Mfundishe kuaga vizuri, kushukuru, na kutosema mabaya ya alikotoka. Hajui lini ataalikwa kurudi.

Na kama mwanao ndiye aliyebaki baada ya nyota kuondoka, usimlinganishe. Maneno ya uwanjani yanatosha. Nyumbani awe na mahali ambapo hakuna anayemtajia jina la mwenzake.

Harrison Wilson hakuishi kumwona mwanawe akiwa bingwa. Alifariki mwezi mmoja tu baada ya kijana kupata shahada, na shahada hiyo ndiyo iliyompa ruhusa ya kucheza tena mlango wa kwanza ulipofungwa. Leo jioni, mwanao akirudi mazoezini na vumbi miguuni, muulize walishinda au walifungwa. Kisha mwambie alete na madaftari.