Mtoto anaporudi nyumbani ameshindwa



Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumesimama nje ya msikiti hapa Rujewa watoto walipokuwa wakirejea kutoka uwanjani. Ilikuwa siku ya mechi za mchujo za UMITASHUMTA, na shule mojawapo ilikuwa imetolewa kwa mikwaju ya penalti. Aliyekosa mkwaju wa mwisho alikuwa mtoto wa darasa la sita, mwanafunzi wa madrasa yetu. Alitembea nyuma ya wenzake, viatu mkononi. Baba yake, aliyekuwa ameswali pamoja nasi, alimtazama akamwambia mbele ya watu: "Umetuaibisha." Mmoja wetu akacheka. Mtoto hakujibu neno. Siku nne hakuonekana madrasa, na alipofuatwa nyumbani alisema kwamba haumwi, ila hataki kuchekwa.

Hatuyaandiki haya kumlaumu mzazi yule, kwa kuwa kicheko kilitoka kwetu. Tunayaandika kwa sababu tuliona kwamba tunawafundisha watoto udhu, sala na adabu za kula, lakini hatujawafundisha namna ya kushindwa, nasi wenyewe hatujui namna ya kumpokea aliyeshindwa.

Jambo la kwanza ni kuukubali uchungu wake. Mtu mzima anajua kuwa kesho ipo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana bado ujuzi huo. Mechi iliyokwisha leo kwake ni dunia nzima. Tunapomwambia, "Acha kulia, huo ni mpira tu," tunadhani tunamliwaza, kumbe tunamfundisha kuwa huzuni yake haina mahali katika nyumba yetu. Anas bin Malik (r.a) amesimulia habari za mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege akichezea. Kindege kile kilipokufa, Mtume (SAW) alimwona mtoto yule na huzuni yake, akamsemesha kwa upole na kumuuliza habari za kindege chake. Aliyebeba mzigo wa umma mzima hakuona kuwa huzuni ya mtoto kwa ndege mdogo ni jambo la kudharauliwa. Basi na sisi tusiudharau mkwaju mmoja wa penalti.

Jambo la pili ni kumwonyesha mtoto kuwa kushindwa ni katika mpango wa dunia. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (SAW) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Jambo hilo liliwaelemea Masahaba. Mtume (SAW) alipoona hali yao aliwafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachopanda katika dunia hii ila atakishusha. Hakutafuta kisingizio kwa ajili ya ngamia wake, wala hakumshutumu bedui.

Watoto wa Mbarali hawahitaji kwenda mbali kuuona ukweli huo. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates kule Ubaruku, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja, na rekodi hiyo ilikomea katika wilaya yetu ya mashamba ya mpunga. Wengi wetu tulishangilia. Lakini tuwasimulie watoto kisa chote. Ihefu hao hao walikuwa wameshuka daraja mwaka 2021, wakarudi ligini mwaka uliofuata. Na Yanga waliofungwa Ubaruku hawakutawanyika kwa aibu: msimu huo huo walitwaa ubingwa wa ligi na wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Aliyeshinda siku ile alikuwa amewahi kuanguka, na aliyeanguka siku ile aliinuka.

Jambo la tatu ni kufunga mlango wa visingizio. Mtoto akishindwa, wakubwa huwa wepesi kumtafutia mkosaji: refa amenunuliwa, uwanja mbovu, wapinzani wamechezesha mamluki. Vibaya zaidi ni pale anaposikia kuwa wenzao "wamefanya mambo", kwamba kuna kitu kimefukiwa golini. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini moyo wa mtoto huyapokea kama elimu. Leo anaambiwa kuwa ndumba ndiyo iliyozuia mpira; kesho atatafuta ndumba ya kufaulu mtihani, na baadaye ya kupata kazi. Tutakuwa tumempa faraja ya jioni moja kwa bei ya tauhidi yake. Kama refa amekosea kweli, tukubali kuwa amekosea, kisha tumuulize mtoto ni lipi lililokuwa mikononi mwake. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (SAW) ametuelekeza kuyapupia yenye manufaa, kumwomba Mwenyezi Mungu msaada na kutokata tamaa; na likitupata la kutupata, tusishike neno la "lau ningefanya hivi", kwani hufungua kazi ya shetani.

Kwa vitendo, tunapendekeza haya. Njiani kurudi nyumbani, mzazi asichambue mechi; ampe mtoto maji na amwache anyamaze. Mama asiharakishe kumfuta machozi kwa ahadi ya zawadi. Usiku au kesho yake, amuulize maswali mawili: ni jambo gani ulilifanya vizuri, na ni lipi unataka kulifanyia mazoezi? Mtoto afundishwe kuwapa mkono walioshinda kabla ya kuondoka uwanjani, hata kama sauti inatetemeka. Na nyumbani tucheze nao, tushinde na tushindwe mbele yao. Mama Aisha (r.a) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (SAW) akamshinda, baada ya muda wakashindana tena, naye akashindwa, Mtume (SAW) akamwambia kwa utani kuwa hii ni kwa ile. Mtoto anayemwona baba yake akishindwa bao huku akitabasamu amepata somo lisilohitaji ubao.

Tuwasimulie pia habari za Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968, alianguka na kuumia goti. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi kumaliza. Alikuwa wa mwisho, wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kuwa nchi yake ilimtuma kuyamaliza mashindano, haikumtuma kuyaanza tu. Wengi hawalikumbuki jina la aliyeshinda siku hiyo; la Akhwari linakumbukwa.

Ama mtoto yule wa madrasa yetu, aliyemcheka alikwenda nyumbani kwao baada ya Magharibi akamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Baba alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mwanawe kuwa naye alikosea. Siku ya tano mtoto alirudi darasani. Jioni tunamwona akicheza na wenzake, ingawa penalti bado hataki kupiga. Hatumlazimishi. Tunamwambia tu kuwa siku akitaka kujaribu, tutakuja kutazama, na akikosa tutarudi naye nyumbani pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wazazi ambao watoto wao hawaogopi kurudi nyumbani wakiwa wameshindwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.