Ngoma au Diski? Breki za Nyuma ya Gari na Sheria za Fizikia

Mwenye gari la zamani aweza kumwendea fundi akamtaka aziondoe breki za ngoma katika magurudumu ya nyuma na kufunga za diski, zilizotolewa katika gari jingine. Hoja yake ni nyepesi: ikiwa diski mbili za mbele hulisimamisha gari vizuri, basi diski nne zitalisimamisha vizuri zaidi. Hoja hiyo huvutia, lakini fizikia haikubaliani nayo moja kwa moja.

Kazi ya breki ni kugeuza nishati mwendo kuwa joto. Gari lenye kilo 1,200 likienda kilometa 80 kwa saa lina nishati mwendo ya jouli 300,000 hivi, na yote yapasa kugeuka joto kabla gari halijasimama. Hesabu huwa kubwa zaidi mteremkoni. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 500 katika mlima kama Kitonga, mkoani Iringa, hutoa jouli karibu milioni 6, yaani mara 20 ya zile za awali. Dereva asiyetumia gia nzito huziachia breki mzigo wote huo.

Hapo ndipo diski huonyesha ubora wake. Katika ngoma, viatu vya breki hutanuka kwa ndani na kusugua ukuta wa chuma uliofunikwa. Joto hutoka kwa shida, na ngoma yenyewe ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu, hata pedali ikazama zaidi kila inapokanyagwa. Diski huzunguka katika hewa wazi, ikibanwa na pedi pande zote mbili. Ikitanuka huzisogelea pedi. Hata ikilowa kwenye kivuko, hukauka upesi. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya namna hiyo mwaka 1902, lakini sifa zake zilienea baada ya gari la Jaguar lenye diski kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953. Miaka miwili baadaye Citroën walitoa gari la DS: diski mbele, ngoma nyuma.

Kwa nini nyuma waliacha ngoma? Gari linapofunga breki, uzito huelemea mbele. Tuseme gari letu likiwa limesimama hubeba kilo 660 mbele na 540 nyuma, ekseli zake zimeachana mita 2.5, na kitovu chake cha uzito kiko nusu mita juu ya barabara. Likipunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, uzito wa kilo 170 hivi huhamia mbele. Nyuma husalia kilo 370 tu, chini ya theluthi moja ya uzito wote. Tairi lililobeba kidogo hushika barabara kidogo, na hakuna breki iwezayo kulizidishia mshiko huo. Ikiwa ngoma tayari zina nguvu ya kuyafunga magurudumu ya nyuma, diski haziwezi kufupisha umbali wa kusimama hata kwa hatua moja.

Tena nguvu ikizidi nyuma, balaa huingia. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani kwa gari dogo la kuchezea na ubao laini ulioinamishwa. Magurudumu ya mbele yakizuiwa kwa utepe wa gundi, gari huteleza likiwa limenyooka. Yakizuiwa ya nyuma, hugeuka na kufika chini kinyumenyume. Gurudumu linalozunguka hukataa kwenda upande. Linaloteleza halichagui mwelekeo. Barabara yenye utelezi baada ya mvua haina tofauti kubwa na ubao huo.

Fundi basi hana budi kupima kabla ya kufunga. Pistoni ya silinda ndani ya ngoma ikiwa na kipenyo cha milimita 19, na ya kalipa ikiwa na milimita 38, eneo huongezeka mara nne. Kwa kanieneo ileile kani huongezeka mara nne pia, na kila milimita ya mwendo wa pistoni hutaka mafuta mara nne. Masta silinda ya zamani yaweza isiyatosheleze mafuta hayo. Kwa upande mwingine, mzunguko wa ngoma huvuta kiatu kimoja na kukikaza, msaada ambao diski hazina. Kwa hiyo kani iliyoongezeka si ziada tupu. Mizani kati ya mbele na nyuma hurekebishwa kwa vali ya kupunguza kanieneo ya nyuma. Vali nyingine, ile ambayo katika mifumo mingi ya zamani hubakiza kanieneo kidogo kwenye ngoma, yapasa kuondolewa, la sivyo pedi zitaisugua diski safari nzima.

Kwa gari la safari za kawaida, gharama hiyo ni vigumu kuitetea. Anayeshuka milima kila siku na mizigo ana sababu nzuri zaidi.

Hubaki breki ya mkono, ambayo wengi huisahau hadi siku ya kuegesha kilimani. Kalipa ya kawaida hukaza kwa mafuta tu, haina mahali pa kushikia waya. Ziko kalipa zenye wenzo wake wa mkono. Njia nyingine, inayotumiwa na viwanda kadhaa, ni kutengeneza diski yenye kikombe katikati na kuficha ndani yake ngoma ndogo yenye viatu viwili.