Mshindi Avikwe Nini?

Tarehe 31 Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani lilitangaza kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40, kwamba ndani yake pasiwe na zaidi ya bamba moja gumu, na kwamba kuanzia mwisho wa Aprili kiatu chochote cha mashindano kiwe kimeshauzwa madukani kwa muda wa miezi minne. Miezi mitatu kabla ya hapo, katika wikendi moja ya Oktoba, Eliud Kipchoge alikuwa amemaliza marathoni jijini Vienna kwa saa 1:59:40, mbio ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi, na Brigid Kosgei akavunja rekodi ya wanawake huko Chicago kwa 2:14:04. Kwa watu wa Eldoret, Kaptagat na Iten, ambako riadha ni kazi na ni mlo, swali lilikuwa la nyumbani: sifa ni za mguu au ni za kiatu? Ondoa kiatu uweke upanga, na swali hilohilo wachezaji wa gemu za njozi mtandaoni walikuwa wamelibishania tangu mwaka 2005. Kwa maoni yangu walilijibu vizuri kuliko wanariadha, ingawa ilibidi kwanza wapotee njia mara kadhaa.

Kwa asiyezijua gemu hizi, chukua mfano wa World of Warcraft, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mnamo Novemba 2004. Unaunda mhusika wako, awe askari, mchawi au mponyaji, unampandisha ngazi, unamvika deraya, kofia ya chuma, pete na upanga. Kila kifaa kina namba zake: hiki kinaongeza nguvu za pigo, kile kinaongeza uhai. Juu ya vifaa kuna mpangilio, ambao wachezaji huuita bildi, yaani uamuzi wako kuhusu mhusika huyo awe wa namna gani: apige kwa haraka au avumilie vipigo, aue kwa mkupuo mmoja au kwa sumu ya polepole. Akishakamilika unaweza kumpeleka kupambana na mazimwi yanayoendeshwa na kompyuta, au na mhusika wa binadamu mwenzako aliyeketi Seoul au Nakuru. Mapambano haya ya mtu na mtu ndiyo yanayofupishwa PvP, na hapo ndipo matata huanzia. Zimwi likikatwa na upanga ambao mwenyewe ameutafuta kwa miezi sita halina la kusema. Binadamu analo.

Blizzard ilipoleta mfumo wa heshima mwaka 2005, iliweka madaraja 14. Kila wiki wachezaji wa upande mmoja katika seva moja walipangwa kwa wingi wa heshima waliyokusanya, na asiyecheza wiki hiyo alishuka. Waliofika kileleni walifunguliwa silaha ambazo wakati huo zilikuwa miongoni mwa zile kali kuliko zote kwenye gemu. Tazama vizuri kilichopimwa hapo. Si ustadi, ni saa. Anayeshinda mapambano machache kwa akili alizidiwa na anayecheza usiku na mchana, na ndiyo maana ikawa desturi watu kadhaa kuendesha mhusika mmoja kwa zamu ili asilale. Kisha mshindi wa saa akapewa upanga wa kuwachapia wale waliokosa saa. Mfumo huo uliachwa mwishoni mwa 2006, heshima ikageuzwa kuwa sarafu ya kununulia vifaa.

Kilichofuata kilikuwa cha ujanja zaidi, na ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka 2007 zilikuja arena: timu za wachezaji wawili, watatu au watano, misimu yenye mwanzo na mwisho, na alama inayopanda ukishinda na kushuka ukishindwa. Vifaa vya PvP vilipewa sifa ya pekee ya ustahimilivu, iliyopunguza makali ya vipigo vya wachezaji wengine na isiyo na faida kubwa mbele ya mazimwi. Hadi hapo wazo lilikuwa zuri, kwa kuwa aliyetajirika kwa kuua mazimwi hangeweza kuingia uwanjani kifua mbele na kuwafagia waliokulia humo. Lakini kuanzia msimu wa tatu, mwishoni mwa mwaka huo, silaha za msimu zikawa haziuzwi kwa mtu ambaye alama yake haijafika 1850, na mikingo ya mabega ilihitaji 2000. Yaani ili upate silaha ya kushinda sharti uwe umeshashinda bila hiyo silaha, mbele ya watu ambao tayari wanayo. Aliyetangulia alizidi kutangulia, na aliyechelewa kuanza msimu hakuwa akipimwa ustadi wake, alikuwa akilipishwa faini ya kuchelewa.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Tuzo ya mashindano ikiwa ni nguvu ya kushindia mashindano yajayo, haiwi tuzo tena, inakuwa riba. Nishani inasema jana ulifanya nini. Upanga unaamua kesho itakuwaje, na kesho ikishaamuliwa hakuna anayejua kama bingwa ni bingwa. Gemu ya PvP inayotaka ushindi wake uwe na maana inapaswa kusawazisha nguvu za vifaa uwanjani, kuwatuza washindi kwa vitu vinavyoonekana lakini visivyopiga, na kuacha uwanja wote wa ubunifu kwenye bildi.

Njia hiyo haikuwa ndoto. Guild Wars, ya kampuni ya ArenaNet, ilitoka Aprili 2005, wakati uleule ambapo Blizzard ilikuwa ikiwakesheza watu kwa heshima. Ndani yake mchezaji aliweza kuunda mhusika wa PvP aliyeanzia ngazi ya 20, ambayo ndiyo ya mwisho. Vifaa vyake havikumzidi mtu. Kilichowatenganisha wachezaji ni mbinu nane. Ungeweza kuwa na mamia ya mbinu ghalani, lakini uwanjani uliingia na nane tu, zilizochaguliwa kutoka fani mbili ulizozichanganya wewe mwenyewe. Katika mashindano yake makuu timu ilikuwa na watu wanane, kwa hiyo mbinu 64 zilipaswa kufikiriwa kama kitu kimoja. Mrithi wake, Guild Wars 2 ya mwaka 2012, alikwenda mbele zaidi: ukiingia PvP unapandishwa hadi ngazi ya 80 hata kama ulianza jana, vifaa vyako vinawekwa kando, na unachagua hirizi moja inayokupa namba zako, hirizi ambazo kila mtu anazo bure.

Atakuja mtu na pingamizi zito: Blizzard ilijaribu usawa huo na watu wakaukataa. Ni kweli kwamba ilijaribu. Agosti 2016, katika toleo la Legion, vifaa vya kila mtu uwanjani vilibadilishwa na namba zilizopangwa na kampuni kwa kila fani, na mwaka 2018 mpango huo ukaondolewa baada ya manung'uniko mengi. Lakini ukichunguza kilichofanyika, utaona kwamba kampuni iliondoa mambo mawili kwa mkono mmoja. Iliondoa pengo la nguvu, sawa, ila iliondoa pia uhuru wa kuchagua: mchawi aliyetaka kasi na mchawi aliyetaka nguvu walipewa namba zilezile. Usawa wa uwezo ukachanganywa na ufanano. Hayo si mamoja, na ushahidi wa jambo hilo, cha ajabu, unatoka kwa wanariadha wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima wanaume saba Wakenya wa kiwango cha dunia wakikimbia na viatu vya kisasa na vya zamani. Kuna aliyepata nafuu ya asilimia 11.4 katika matumizi ya nishati, na kuna aliyepata hasara ya asilimia 11.3, wote wakiwa na viatu vya teknolojia ileile. Kifaa kimoja hakimfai kila mwili. Kwa hiyo usawa wa kweli hauko katika kumvika kila mtu kiatu kilekile. Uko katika kuhakikisha kwamba kila mtu anaweza kukifikia kiatu kinachomfaa, ndani ya mipaka inayowabana wote.

Inaelekea Blizzard yenyewe ilikuja kuliona hilo. Katika toleo la Dragonflight la Novemba 2022, vifaa vya PvP vilikuwa na namba mbili, moja ya nje na nyingine kubwa zaidi inayowaka ukikutana na mchezaji mwenzako, na nguvu ya vifaa vya juu uwanjani ikaacha kutegemea alama yako. Mwenye alama kubwa alibaki na mavazi ya fahari, majina ya heshima na wanyama wa kupanda. Miaka 15 baada ya masharti ya 1850 na 2000, kampuni iliyoyabuni ilitembea hadi jirani na pale Guild Wars ilipoanzia.

Wengine husema mtu aliyetoka jasho anastahili kuona jasho lake likimfaa, na kwamba bila upanga mkali kama zawadi hakuna atakayejisumbua. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili inakanushwa na ukweli unaoonekana kila siku. Dota 2 na League of Legends humwanzisha kila mchezaji mikono mitupu katika kila pambano, dhahabu na silaha zinapatikana humohumo na kufutika pambano linapoisha, na bado ni miongoni mwa gemu zinazochezwa zaidi duniani. Katika Tekken, gemu iliyompa jina Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, hakuna ngumi ya kununua inayouma kuliko ya mwenzako. Watu wanarudi kwa sababu wanataka kujua kama leo wamekuwa bora kuliko jana, na hilo haliwezi kujulikana kama mizani imechezewa.

Pingamizi linalonitatiza kidogo ni la gemu ya Albion Online. Humo vifaa vina nguvu tofauti kabisa na havisawazishwi kikamilifu, lakini katika maeneo yake ya hatari ukiuawa unapoteza kila ulichokuwa umebeba, na aliyekuua anaokota kilichosalia. Mwenye deraya ya bei kubwa ana nguvu zaidi na pia ana zaidi cha kupoteza, kwa hiyo anatoka nayo kwa woga. Vifaa hivyo hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na uharibifu wake ndio unaowapa mafundi kazi. Huo nauhesabu kuwa mkataba halali wa aina nyingine, kwani kinachoshindaniwa ni mali na si ubingwa. Sitaki tu mtu aite yale ya Albion kipimo cha ustadi.

Nisipoweza kulegeza ni pale nguvu inapouzwa kwa pesa. Diablo Immortal ilitoka Juni 2022, bure kuipakua, lakini vito vinavyoongeza nguvu za mhusika vilipatikana kwa wingi zaidi kwa anayelipa, na nguvu hizo ziliingia naye hadi kwenye PvP. Haikufunguliwa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria zinazohusu masanduku ya bahati nasibu. Free Fire, ambayo si ya njozi lakini iko kwenye simu za vijana wengi wa Kenya, ina mapambo ya bunduki yanayobadilisha tabia ya bunduki yenyewe. Kampuni zitasema seva hazijiendeshi kwa hewa, na ni kweli. Lakini Fortnite imekuwa ikiuza mavazi na madaha, bila nguvu hata chembe, na haijafilisika.

Sasa mpeleke mchezaji wa gemu hizi Sugoi, nje ya Eldoret upande wa Turbo, mahali ambapo Wakenya wengi wanapajua kwa sababu ya nyumba ya Rais. Vifaa vyake vya kwanza haviko ndani ya gemu: ni simu, chaji na bando. Gemu nyingi kubwa seva zake ziko Ulaya au Mashariki ya Kati, na amri ya kidole chake husafiri hadi Mombasa, ikapita chini ya bahari na kurudi, safari ambayo ikienda Ulaya mara nyingi hupita milisekunde 100. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota kote Afrika Mashariki. Kwa nini basi tujisumbue na usawa wa panga, mtu atauliza, ilhali mtandao wenyewe hauna usawa? Kwa sababu mwenye mtandao mbovu ndiye anayehitaji zaidi bildi ziwe huru. Mchezaji aliyechelewa hawezi kukatiza uganga wa mpinzani katikati, kwani anapouona umeshatimia. Anachoweza ni kuchagua mpangilio usiodai wepesi wa kidole: laana zinazochoma polepole, mitego iliyotegwa mapema, uponyaji unaoendelea wenyewe kwa sekunde kadhaa. Katika Guild Wars 2, kama ana kompyuta ya kuiendesha, anaweza kubadilisha hirizi na mbinu zake kabla ya kila pambano bila kulipa senti. Katika gemu inayouza nguvu, mpangilio huohuo atauzungukia kwa majuma, akimaliza bando, au atautoa kwenye M-Pesa.