Safari zetu ndani ya kifuniko cha sanduku



Alhamisi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu makuta ya MUSO na kufunga kasha la kijani na kasha jekundu, nyanya mmoja wa kundi letu alituomba tusitoke kwanza. Mvua ilikuwa inapiga mabati na njia ilikuwa matope tupu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka. Akamtuma mjukuu wake avute sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Tulifikiri anataka kutuonyesha kitenge kipya. Lakini alipoinua kifuniko hakugusa nguo. Alitugeuzia kile kifuniko, upande wa ndani.

Upande wote ulikuwa umejaa vibandiko. Kulikuwa na stika ya Tigo ya Kigoma iliyoanza kufifia, na nyingine ya Vodacom ya huku kwetu. Kulikuwa na karatasi za dhahabu zinazobandikwa juu ya vitenge vya wax, tano au sita, kila moja kutoka soko lake: Uvira, Bujumbura, Kigoma. Pembeni kulikuwa na kipande cha gunia chenye namba iliyoandikwa kwa wino mzito, na stika ya timu ya mpira ambayo dereva wa Fuso alimpa siku alipomleta kutoka Baraka mpaka hapa Kilembwe. Juu kabisa kulikuwa na stika moja inayong'aa, yenye ramani ya Texas, iliyotoka kwa mtoto wa dada yake aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu.

«Hizi ndizo safari zangu,» akasema nyanya. «Kusoma sijui, lakini hapa ninasoma.»

Akaanza kusoma kweli, kwa kidole. Kile kipande cha gunia ni cha mwaka 1997. Wengi wetu tunakumbuka, au tumeambiwa, namna watu wa Fizi walivyovuka Tanganyika kwa mitumbwi vita vilipoanza mwaka 1996, wakapokelewa Kigoma na kupelekwa kwenye makambi. Mwaka uliofuata, Mobutu alipokwisha kuanguka, Umoja wa Mataifa ulikodi meli Liemba irudishe watu. Meli hiyo ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira na kuleta watu zaidi ya 75,000. Nyanya alikuwa mmoja wao, na namba ile ya gunia ni ya mzigo wake: sufuria mbili, blanketi na jembe. Mwaka 1998 vita vikarudi, naye akavuka ziwa tena. Gunia lilichakaa na kutupwa, lakini kipande chenye namba alikikata na kukitia katika kitambaa cha kichwa.

Tuliporudi darasani siku ya pili, tuliwaambia watoto habari ya Liemba, na wakakataa kutuamini. Ni meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha, ikavushwa bahari na kuletwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mtoto mmoja aliuliza: «Mwalimu, na nyanya alipanda hiyohiyo?» Hiyohiyo. Tangu siku hiyo darasa zima linataka kwenda kuona sanduku.

Turudi kwenye ile stika ya Texas, maana iliingia sandukuni pamoja na hadithi yake. Yule kijana aliyeko Marekani alimtumia mama yake picha kwa simu: gari refu kama basi, ndani lina kitanda, jiko, meza na choo. Huko kuna watu, hasa wazee waliokwisha kupumzika kazi, wanaosafiri miezi mingi na kulala ndani ya magari hayo. Kila wanapofika wananunua stika ya mahali, mbuga au mji, na kuibandika ndani ya gari mpaka ukuta unakuwa kama daftari. Wamama walicheka sana. Mmoja akasema: «Sisi tumelala ndani ya Fuso siku tatu kwa sababu ya matope, na hakuna aliyetupa stika.»

Lakini wenye magari hayo wana shida moja ambayo sisi tunaijua kuliko wao. Stika ikishikana na ukuta haitoki. Siku gari linauzwa, safari zote zinakwenda na gari. Ndiyo maana wenye akili hawabandiki ukutani. Wanabandika juu ya ubao mwembamba au kitambaa, kisha ule ubao ndio unaotundikwa, na siku ya kuhama unashushwa. Hata zamani, wasafiri wa meli kubwa walibandika karatasi za hoteli juu ya masanduku yao, si juu ya kuta za nyumba zao.

Sisi tunaoandika haya tulilipia somo hilo mwaka mzima. Tulikuwa katika kambi ya Lugufu, na mama yetu alikuwa na ukuta wake wa fahari, ule unaotazamana na mlango. Aliuremba kwa karatasi za sabuni, picha za kalenda, kipande cha shitingi chenye alama ya buluu, na kila kitu chenye rangi. Tulipomaliza mwaka wa tatu wa sekondari tukiwa wa kwanza, alichukua buletini yetu, akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akaipaka yote mgongoni na kuibandika katikati ya ukuta. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Sisi nasi, tuseme ukweli, tulipenda kuonyeshwa.

Mwaka 2006 zamu yetu ya kurudi ikafika, meli ikitoka Kigoma kwenda Baraka. Usiku wa kuamkia safari mama alianza kuitoa ile buletini kwa kisu. Ukuta wa udongo na uji wa muhogo vilikuwa kitu kimoja. Nyuma ya karatasi mchwa walikuwa wamekwisha kupita, maana gundi ya muhogo kwao ni chakula. Jina letu lilitoka. Pointi zilibaki ukutani.

Tulipofika huku, shule moja ilituomba buletini kabla ya kutuandika mwaka wa nne. Tuliwaonyesha kile kipande chenye jina. Hawakukikubali, tukarudishwa mwaka wa tatu, tukakaa na watoto wadogo kwetu na kurudia masomo tuliyokwisha kuyaweza. Hatuwalaumu sana, kwani karatasi ni karatasi. Mama hakusema neno juu ya jambo hilo mpaka siku tulipopata diploma ya pedagojia. Siku hiyo aliishika kwa mikono miwili akauliza: «Hii tuiweke wapi?»

Kwa hiyo tulipotazama sanduku la nyanya, jicho letu halikukaa kwenye stika peke yake. Tulitafuta vyeti. Juu ya kifuniko hakukuwa na hata kimoja. Tulimuuliza, akainua nguo na kutuonyesha farde moja ya plastiki chini kabisa, imefungwa kwa kamba ya kitenge. Ndani yake kulikuwa na kadi ya chakula ya kambini yenye matundu ya kila mgawo, fomu ya kurudi kwa hiari yenye majina ya jamaa yote, kadi za chanjo, buletini za watoto na kadi yake ya uchaguzi. «Za juu ni za kuonyesha,» akasema, «za chini ni za kuonyeshwa nikiombwa.»

Wamama, hapo ndipo tunapotaka mtusikilize. Hapa kwetu watu wengi hawakuhama mara moja. Wamehama mara tatu, mara nne, na kila mara nyumba inabaki. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu au Lugufu akitaka kuandikwa hapa, ataulizwa karatasi. Mjane akitaka kuonyesha kwamba hawa ni watoto wa marehemu, fomu ile ya kurudi yenye majina yao itamsaidia. Msichana akitaka kuingia mtihani wa Serikali, buletini zake zitatafutwa. Karatasi za namna hiyo zisipakwe gundi hata tone, zisitobolewe kwa msumari, wala zisiandikwe hesabu za deni la sukari mgongoni (tumeziona). Ukiweza kwenda Baraka, zitoe fotokopi, na kama fahari inakusukuma kutundika kitu, tundika fotokopi. Na kwa wale wanaozaa sasa: kumwandikisha mtoto kwenye etasivile ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, mambo yanakwenda hadi tribinali, na hapo kuna safari na makuta.

Lakini hatutaki mseme kwamba mwalimu amekataza urembo. Nyumba isiyo na kitu ukutani inasikitisha, na mtoto asiyeona safari za mama yake atafikiri mama alizaliwa jikoni. Ile furaha ya nyanya ni ya kweli, na sanduku lake ni mahali pazuri kuliko ukuta: ndani ya kifuniko jua halifiki kufifisha rangi, moshi wa kuni haufiki, na siku ya mbio unafunga na kubeba.

Namna alivyofanya ni rahisi. Hakubandika juu ya bati lenyewe, kwa sababu bati linatoa kutu na jasho wakati wa mvua. Alikata karto ngumu kwa kipimo cha kifuniko, akaivisha kitenge cha zamani na kukishona nyuma kwa uzi mrefu wa kuvutana huku na huku. Karto hiyo inashikwa na vipande vinne vya mpira wa baiskeli kwenye pembe, kwa hiyo inatoka na kurudi. Stika zenye gundi yao alizibandika kwanza juu ya vipande vya karatasi ngumu, kisha akashona vile vipande. Kipande cha gunia na karatasi za wax alizishona kwa mshono mmoja juu na mmoja chini. Gundi ya muhogo hakutumia kabisa. Kwa vitu vyepesi vinavyochanika, kama tiketi, alishona mfuko mdogo wa plastiki safi iliyokatwa kwenye sasheti. Mtoto anaona, lakini mkono wenye mafuta ya ndagala haufiki.

Tulimwomba aongeze kitu kimoja, akakubali. Nyuma ya kila kipande tuliandika kwa bike: mahali, mwaka, na alikuwa na nani. Yeye alisema, sisi tukaandika, na mjukuu wake wa mwaka wa tano akakosoa mwandiko wetu. Kazi ilichukua saa mbili kwa sababu kila kipande kilikuwa na hadithi, na hadithi moja ilimfanya anyamaze muda mrefu. Hiyo hatuiandiki hapa. Wala si lazima kila kitu kishonwe juu. Kuna safari ambazo mama ana haki ya kuziacha chini ya nguo.

Neno dogo juu ya usalama, mtatusamehe. Chagueni vya kubandika. Alama ya kundi lolote lenye bunduki, picha ya mtu mwenye sare ya jeshi, hata kama ni kaka yako, au stika ya chama cha siasa, vinaweza kukuletea maneno mahali pa kizuizi sanduku likifunguliwa. Stika ya mpira haijaleta shida bado, isipokuwa kati ya mume na shemeji.

Kwenye karto ya nyanya kuna pembe moja, chini upande wa kulia, iliyo tupu. Dada mmoja aliuliza kama tumpe stika ya kampeni ya chanjo ajazie. Akakataa. Pembe hiyo ni ya mtoto wake wa mwisho aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi na bado hajarudi. «Akileta hata tiketi ya pikipiki,» akasema, «nitaishona.»

Alhamisi ijayo, baada ya michango, tutakaa kwa nyanya kwa kazi hiyohiyo. Kila mama alete karto ngumu, kipande cha kitenge kisichovaliwa tena, sindano, na vitu vyake vya safari hata kama ni viwili tu. Uzi utatoka kwa kundi. Mwenye farde ya plastiki ya ziada aje nayo, maana tumehesabu wamama kumi na mmoja ambao karatasi zao bado ziko ndani ya godoro. Na wale wenye vyeti vilivyobandikwa ukutani wasivikwangue kwa kisu: wavipige picha kwa simu kwanza, kisha watuite. Tutajaribu pamoja kwa kitambaa chenye maji, polepole, tukianzia pembeni.