Usiulize Saa, Uliza Mwezi

“Mwalimu, kule Jambiani bahari hutoka saa ngapi?”

Nimeulizwa hivyo Ijumaa iliyopita pale Jaws Corner, kikombe cha kahawa hakijanifika mdomoni. Wiki moja kabla niliulizwa Darajani, na kabla ya hapo kwa simu, na mtu ambaye alikwishapanda gari. Muulizaji huwa na nia njema. Ni mtu wa mjini, ana siku moja ya mapumziko, anataka kuwachukua watoto kwa gari za shamba, ashuke pwani ya mashariki, atembee juu ya mchanga uliobaki wazi mpaka karibu na mwamba, arudi kabla ya magharibi. Matembezi mepesi kuliko hayo Unguja hakuna: hakuna mlima, hakuna njia ya kupotea, na viatu unavivua. Tabu ni moja tu. Anataka nimtajie saa, kana kwamba bahari ni ofisi yenye karani wa kufungua mlango.

Nikisema inategemea, hunitazama kama ninayeficha siri. “Lakini si hutoka asubuhi?”

Haitoki asubuhi. Au tuseme hutoka asubuhi, na adhuhuri, na alasiri, na usiku wa manane, kwa zamu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 ndizo watu wasizotaka kuzisikia. Kwa sababu yake, maji yaliyotoka leo saa 4 asubuhi kesho yatachelewa, keshokutwa yatachelewa zaidi, na baada ya wiki moja, saa 4 ileile uliyoiweka moyoni, utayakuta yamejaa. Yeyote aliyekulia pwani anayajua haya, hata kama hakuwahi kuyahesabu. Wanaonishangaza ni waliozaliwa Mkunazini na Malindi, wenye bahari mwisho wa kichochoro, wanaouliza kama wageni wa bara.

Nimetafuta sana chanzo cha hii “asubuhi”, na naamini nimekipata: ni sikukuu. Mtu wa mjini huenda shamba lini na familia yake? Idi. Na Idi ya Ramadhani huangukia mwezi mosi siku zote, hapana mwaka utakaoangukia mwezi nane. Mwezi mosi ni bamvua. Na siku za bamvua katika visiwa vyetu maji hupwa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Kwa hiyo baba aliyewapeleka watoto Paje Idi ya mwaka huu ameiona bahari imetoka asubuhi; Idi ya mwaka jana aliiona hivyohivyo; na alipokuwa mtoto akipelekwa na baba yake, hivyohivyo. Miaka 30 ya ushahidi! Ukimwambia amekosea anakucheka, kwa sababu ameona kwa macho yake. Ameona, kweli. Ila ameona siku moja ya mwezi, akairudia mara 30.

Mtu huyohuyo hebu na aende Idi Kubwa. Hiyo huwa mwezi kumi wa Mfunguo Tatu, na mwezi kumi maji hutoka mapema, watu wa mjini wakiwa bado kwenye sala, kisha hujaa adhuhuri inapopita. Familia inashuka garini na vikapu vyake saa 6 mchana, inakuta maji yamefika kwenye minazi. Hapo husikia maneno ya ajabu: kaskazi imeyasukuma maji, tabia ya nchi imebadilika, bahari imekasirika. Upepo huongeza au hupunguza kidogo, hilo halina ubishi, na kupanda kwa bahari duniani ni jambo la kweli lenye wataalamu wake. Lakini siku ile hakuna kilichotokea isipokuwa mwezi kumi.

Balaa la pili limeletwa na simu. Kijana anapakua programu ya maji kujaa na kupwa, na programu yenyewe haina kosa. Tuseme siku ya bamvua imeandika: maji kujaa 04:10, maji kupwa 10:20. Anasoma, anajiambia: aa, saa nne na dakika kumi maji yamejaa, twende saa kumi jioni yakitoka. Amesoma saa ya kizungu kwa Kiswahili. Kosa hili kwenye ratiba ya ndege lingemkosesha safari tu. Kwenye bahari ni baya zaidi, maana tofauti ya saa yetu na ile ya kizungu ni saa 6, na kutoka kujaa mpaka kupwa nako ni saa 6 na dakika chache. Hakosei kidogo, anapata kinyume kamili. Sijui mahali pengine ambapo saa ya Kiswahili na tabia ya dunia vimekubaliana namna hiyo kumpotosha mtu.

Basi acha saa, shika mwezi. Huhitaji kujua ni Mfunguo wa ngapi, inatosha kujua mwezi una siku ngapi. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hutoka mbali, hujaa sana, na kutoka kwake ni karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku ongeza kama dakika 50. Mwezi saba, nane, na tena mwezi ishirini na mbili, ishirini na tatu, ni maji mafu: hutoka jioni, saa 10 au saa 11, lakini hutoka shingo upande, hayaendi mbali. Siku ya bamvua kubwa, kutoka kupwa hadi kujaa maji yetu hupanda kiasi cha mita 4. Siku ya maji mafu hata mita moja na nusu huwa taabu. Bamvua la Machi na la Septemba ndiyo makubwa kuliko yote.

Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanafuata hesabu hii tangu kilimo hicho kianze huko mwaka 1989, na wavua pweza waliifuata vizazi na vizazi kabla yao. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuuliza saa.

Ukiwa mjini huna hata haja ya kuhesabu. Pita Forodhani alasiri. Ukiona vijana wanajirusha kutoka ukutani, wanapinduka hewani na watalii wanapiga picha, ujue ni majira ya bamvua, na kesho asubuhi pwani ya mashariki itakuwa wazi. Ukiona wamekaa ukutani wanatafuna miwa, bahari chini yao haina kina cha kujirusha.

Jambo moja nitalisema kwa ukali. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa kina chote kitakachopanda mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya mita 4, katika saa ya tatu peke yake bahari hupanda mita nzima. Tena haiji mbele yako kama mgeni anayebisha hodi. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yako, baina yako na ufukwe, wakati mchanga uliosimama bado mkavu. Nimewaona watu wazima wakirudi na watoto mabegani, viatu wamevibana kwa meno. Geuka maji yanapoanza kurudi, usingoje yakufike miguuni.

Haya, matembezi yenyewe, na nitakwenda haraka kwa sababu gari hazisubiri. Ulizia kwanza gari lako linaondokea wapi siku hizi, maana vituo vya mjini vimehamahama.

Gari namba 309 huenda Jambiani kupitia Paje. Siku ya bamvua ondoka mjini saa 1 asubuhi, shuka Paje, tembea mchangani kuelekea kusini mpaka Jambiani huku maji yakitoka, panda gari la kurudi hukohuko. Usifanye hivyo alasiri ya bamvua: maji hugonga kuta za mahoteli na mchanga wa kukanyaga hakuna. Msituni Jozani hufika 309 na 310 pia; lipa kiingilio, tazama kima punju, kisha usikose njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete. Maji yakiwa nje utaona kaa na mizizi, yakiwa ndani utaona samaki wakipita chini ya miguu yako, na mimi naipenda zaidi hiyo ya pili. Namba 206 ni Chwaka. Njiani yapo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu Dunga, shuka kama una subira ya kungoja gari jingine. Gari za Bumbwini zitakushusha Mangapwani. Huko pana sehemu mbili, si moja: pango la asili lenye maji, na chumba kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ambacho husimuliwa kuwa watumwa walifichwa humo baada ya biashara ya kuwasafirisha kupigwa marufuku mwaka 1873. Watu huona la kwanza wakarudi wakidhani wameona la pili.

Na ukiwa umechoka na hesabu zangu, panda 502. Shuka Maruhubi uone nguzo za kasri la Sayyid Barghash lililoungua mwaka 1899, fuata barabara mpaka Mtoni, alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, panda tena mpaka mwisho wa gari, Bububu. Kutoka hapo tembea kuelekea mashariki, katikati ya mikarafuu na minazi, kama saa moja ya mwendo wa kupiga soga, utafika kwenye hamamu ya Kidichi, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Tazama maua yaliyochongwa kwenye lipu za kuta. Kidichi iko kilimani, na huko unaweza kwenda mwezi wowote, saa yoyote.