Maisha ya Mjini katika Roma ya Kale

Katika jiji la Roma la karne mbili za kwanza baada ya Kristo, nyumba pana zenye ua wa ndani, zilizoitwa domus, zilikuwa za matajiri wachache, ilhali wakazi walio wengi walipanga vyumba katika insulae, yaani majengo ya ghorofa ambayo chini yake palikuwa na maduka yaliyoelekea barabarani. Kadiri mpangaji alivyozidi kupanda ngazi ndivyo kodi ilivyopungua na vyumba kuwa vidogo, kwa kuwa wa juu kabisa ndiye aliyetaabika zaidi kupandisha maji, na ndiye wa mwisho kutoka moto ulipozuka. Kaisari Augustus alipiga marufuku majengo mapya ya kando ya barabara kuzidi futi 70 za Kirumi, takribani mita 20, kisha mwaka 6 B.K. akaunda vigiles, kikosi cha zimamoto kilichofanya doria usiku. Hata hivyo, moto wa mwaka 64 B.K. ulipotulia, kati ya wilaya 14 za jiji ni 4 tu zilizokuwa zimesalimika.

Ufinyu huo wa vyumba ndio unaoeleza kwa nini Mrumi wa kawaida aliishi zaidi nje kuliko ndani. Maji yaliyoletwa kutoka milimani kwa mifereji ya mawe aliyateka katika mabirika ya mtaani, na huko Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79 B.K., jiwe la baadhi ya mabirika hayo limelika pale ambapo watu walizoea kuegemeza mkono wakiinama kunywa. Chakula cha moto kilinunuliwa popina, yaani katika migahawa midogo, na mkate kwa mwokaji; katika tanuri moja la Pompeii ilikutwa mikate 81 ya mviringo, iliyogeuka makaa. Huko Roma kwenyewe, wakati wa Augustus, raia wanaume wapatao 200,000 waligawiwa ngano bure kila mwezi, na sehemu kubwa ya ngano hiyo ilisafirishwa kwa meli kutoka Misri na Afrika Kaskazini.

Alasiri ilikuwa ya hamamu. Kiingilio kilikuwa kidogo mno, mara nyingi sarafu moja ya quadrans, hivyo tajiri na fukara waliingia mlango mmoja, wakapita kutoka chumba cha uvuguvugu hadi cha joto kali na kile cha baridi, wakijipaka mafuta na kuyakwangua pamoja na uchafu kwa strigilis, kikwangulio cha chuma kilichopinda. Usawa huo, hata hivyo, ulikomea sakafuni, kwa maana chini yake watumwa walichochea kuni katika tanuri zilizopeleka hewa ya moto kati ya nguzo fupi za matofali, na ni wao pia waliobeba mafuta na kulinda nguo za mabwana wao hadi saa ya chakula cha jioni.