Mkono Mezani, Mdomo Kimya

"Daktari, hii presha yangu ni mawazo tu." Kauli hiyo naisikia katika kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI hapa Huruma, mtaa wa Nairobi, kuliko malalamiko ya kikohozi, na anayeitoa mara nyingi keshaacha vidonge, anangoja kodi ilipwe ndipo mishipa itulie.

Mawazo yapo, sikatai. Tangu jengo lilipoporomoka hapa Aprili 2016 na kuua watu takriban 50, kuna wanaokesha macho wazi kila mvua ikinyesha. Mwaka huohuo utafiti kuhusu wanajeshi wa zamani wa Marekani wenye virusi vya UKIMWI ulionyesha kuwa hatari ya mshtuko wa moyo kwa wenye sonona ilizidi ya wenzao kwa takriban robo. Aliyezongwa na mawazo hapati usingizi, huvuta sigara, huruka dozi. Lakini hata virusi vikishuka hadi mashine isivione, kinga ya mwili hubaki imechokozwa, na kuta za mishipa huendelea kunasa mafuta. Unaweza kuwa mtulivu kama maji ya mtungi na mishipa inaziba.

Wengine hunong'ona kwamba ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ndizo zinazoua moyo. Baadhi ya zile za zamani zilichafua mafuta ya damu, kweli. Ila utafiti wa SMART, wa watu zaidi ya 5,000, uliacha kuandikisha washiriki Januari 2006: waliokatiza dawa walikufa na kuugua moyo zaidi ya walioendelea.

Kabla ya kuandika dawa za presha, naanza na mkono wa kupimwa. Mama mmoja alifika kwa miguu kutoka mtaa wa Kiamaiko, mtoto mgongoni, presha ikasoma 168 kwa 104. "Si nilisema ni mawazo?" Nikamtuma msalani, nikamkalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda unaomtosha. Na kimya, sharti gumu kuliko yote, maana hakuna ajaye kliniki bila hadithi. Ikasoma 152 kwa 96. Wiki iliyofuata, 154 kwa 98. Mwendo, mtoto na mawazo vilichukua kama 16. Iliyobaki ni presha.

Ukienda kuchukua ARV, omba upimwe hivyo. Mawazo mweleze muuguzi baada ya mkanda kutolewa, na vidonge umeze vyote.